Mkato au nukta? Namba za afya zinavyosafiri kutoka Yangambi hadi kwenye kompyuta za mbali

Kwenye soko la Yangambi, kipande cha katoni kilichoandikwa 2.500 FC hakimsumbui mtu. Muuzaji anajua ni elfu mbili na mia tano, mnunuzi anajua, hata mtoto aliyetumwa chumvi anajua. Nukta ile kazi yake ni kutenga maelfu tu. Na mfuko wa mchele ukiandikwa 2,5 kg, kila mtu anasoma kilo mbili na nusu. Ndivyo shule za Kongo zinavyofundisha tangu zamani: mkato, ule watu wa Tshopo wanaita virgule, unatenga namba nzima na kipande chake, nukta au nafasi tupu inatenga maelfu.

Peleka namba hizo hizo Kampala, Nairobi au Dar es Salaam, maana inageuka kabisa. Kule 2.500 ni mbili na nusu, na 2,500 ndiyo elfu mbili na mia tano. Wafanyabiashara wanaovuka mpaka wanaulizana, wanacheka kidogo, wanaelewana. Lakini namba za afya siku hizi hazisomwi na mtu kwanza. Zinasomwa na kompyuta, na kompyuta haiulizi. Inachukua alama iliyoikuta, inaifasiri kufuatana na kanuni iliyopewa, na inaendelea na kazi.

Mambo haya yanaonekana madogo, ya wataalamu wa kompyuta peke yao. Sivyo. Mkato mmoja uliopotea njiani unaweza kumwondoa mtoto kwenye orodha ya watoto wanaohitaji msaada, na hakuna atakayejua kwamba ameondolewa.

Uzito wa mtoto mchanga

Chukua mfano wa kila siku wa nyumba ya kuzalia. Mtoto akizaliwa na uzito chini ya kilo 2,5, yaani gramu 2 500, kanuni ya Shirika la Afya Duniani (OMS) inamhesabu kuwa mtoto wa uzito mdogo. Watoto wa namna hiyo wanahitaji joto, kunyonya mapema na kufuatiliwa kwa karibu. Idadi yao ikipanda katika sehemu fulani, wakubwa wa afya wanatakiwa kujiuliza: akina mama wanakula nini? Malaria wakati wa mimba inazuiwa? Kwa hiyo namba hii inaamua mengi.

Tuseme mkunga ameandika 2,1 kwenye rejista. Baadaye mtu anaingiza namba hiyo kwenye kompyuta iliyopangwa kwa Kiingereza. Programu nyingine itakataa mkato na kuonyesha rangi nyekundu. Hiyo ndiyo bahati. Programu nyingine itafikiri mkato ni wa maelfu, itautupa, na kubakiza 21. Mtoto wa kilo 21! Mtu akiiona atacheka. Lakini nani anaiona? Kompyuta inapohesabu watoto walio chini ya 2,5, yule wa 21 hayumo. Alikuwa mgonjwa wa kwanza kwenye orodha, sasa hayuko kabisa.

Kosa linaweza kwenda upande wa pili pia. Mkunga mwingine anapima kwa gramu na kuandika 3.200 kwa desturi ya soko. Kompyuta ya Kiingereza inasoma tatu na mbili ya kumi. Kama kolona ni ya gramu, mtoto mzima mwenye afya nzuri anahesabiwa kuwa na gramu 3, basi anaingia moja kwa moja kwenye hesabu ya watoto wadogo. Kituo kimoja kinaficha tatizo, kingine kinazua tatizo ambalo haliko, na vyote viwili viliandika vizuri kabisa kwa desturi ya Kikongomani.

Wastani nao unaharibika haraka. Watoto kumi wa kilo 3,0 kila mmoja wana wastani wa 3,0. Mmoja wao akigeuka 30 kwa sababu ya mkato uliopotea, wastani unaruka hadi 5,7. Hiyo angalau inashtua. Ubaya ni pale kosa lililofichwa ndani ya maelfu ya namba nyingine linasogeza wastani kidogo tu, kiasi ambacho mtu atasema: mwaka huu watoto wamezaliwa wazito, tumshukuru Mungu.

Kuna kosa jingine la hatari zaidi kwa sababu linafanana na ukweli. Damu ya mtoto ikipimwa, hemoglobini inaweza kuwa 7,5 kwa kipimo cha gramu kwa desilita. Mkato ukidondoka inakuwa 75. Sasa, kuna nchi ambazo maabara zao zinaandika hemoglobini kwa gramu kwa lita, na kule 75 ni namba ya kawaida kuandikwa. Ni damu ile ile. Kwa hiyo anayeipokea mbali hawezi kujua kama amepata kosa au kipimo kingine, isipokuwa jina la kipimo limeandikwa pembeni. Sukari ya damu iko vile vile: 0,9 kwa gramu kwa lita, 90 kwa miligramu kwa desilita, na 5 kwa milimoli kwa lita ni karibu kitu kimoja. Namba bila kipimo chake ni nusu ya habari.

Je, mgonjwa anaweza kupewa dawa vibaya kwa ajili ya mkato? Kwa malaria kali, OMS inapendekeza sindano ya artesunate ya miligramu 3 kwa kila kilo kwa mtoto aliye chini ya kilo 20, na 2,4 kwa kila kilo kwa wengine. Mtoto wa kilo 8,5 anahitaji miligramu 25,5. Programu iliyopokea kilo 85 itamhesabia kama mtu mzima: miligramu 204, mara nane. Muuguzi mwenye mtoto mbele yake hatakubali, macho yake yatamkatalia. Ila mashini inayojumlisha mahitaji ya dawa ya mwezi haina mtoto mbele yake. Itaagiza tu.

Wasiwasi huu si wa Kongo peke yake. Huko Marekani, hospitali zilikatazwa tangu 2004 kuandika sifuri isiyo na kazi baada ya nukta, kama vile 1.0 mg, kwa sababu nukta isipoonekana mgonjwa anapewa miligramu 10. Zikaambiwa pia zisiache nukta bila sifuri mbele: .5 ikipoteza nukta inakuwa 5. Wao wana alama moja tu ya kuchunga na bado waliona hatari. Kongo iko na mbili zinazobadilishana kazi.

Safari ya kanevasi

Kituo cha afya kinaandika wagonjwa kwenye rejista kwa kalamu. Mwisho wa mwezi, muuguzi mkuu wa kituo, ambaye watu wanamwita IT, anajumlisha na kujaza karatasi ya ripoti, ile kanevasi. Kanevasi inapelekwa kwenye ofisi kuu ya zone ya afya kwa miguu, kwa kinga, kwa moto au kwa mtumbwi, inategemea mvua na mto. Huko inaingizwa kwenye programu inayoitwa DHIS2, kama umeme wa jua na intaneti viko. Kutoka hapo namba zinaonekana kwenye divisheni ya afya ya mkoa pale Kisangani, na Kinshasa. Tshopo ina zone za afya 23, nchi nzima ina 519. Zote zinamimina kwenye sanduku moja.

DHIS2 ilizaliwa kwenye kazi iliyoanza Afrika Kusini katika miaka ya 1990, na leo inaongozwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway. Kenya, Uganda na Tanzania nazo wanaitumia. Ndani yake, kila swali linapewa aina yake: hili ni la namba nzima tu, hili linakubali desimali. Na desimali inatunzwa kwa nukta, hata kama menyu zote zimeandikwa Kifaransa. Jambo hili linachanganya watu: wanafikiri wakibadilisha lugha ya programu wamebadilisha na namba. Lugha ya menyu ni kitu kimoja, namna ya kuandika namba ni kitu kingine.

Kama namba zingeingizwa zote kwa mkono ndani ya DHIS2, shida ingekuwa ndogo, kwa kuwa programu inakataa alama isiyoijua. Lakini kati ya kanevasi na DHIS2 mara nyingi kuna Excel. Excel inafuata mpango wa kompyuta yenyewe. Kompyuta iliyonunuliwa Kinshasa inaweza kuwa imepangwa Kifaransa. Iliyoletwa na mradi kutoka Nairobi au Dubai inaweza kuwa ya Kiingereza. Wafanyakazi wawili wa ofisi moja, meza moja, wanaandika 36,8 kwa joto la mgonjwa. Kwa mmoja ni namba. Kwa mwingine ni maneno matupu, na ukijumlisha kolona, Excel inayaruka bila kusema kitu.

Halafu kuna faili za CSV, ambazo ndizo mtumbwi wa namba kutoka programu moja kwenda nyingine. Kwa Kiingereza, mkato ndio unaotenga kolona. Kompyuta za Kifaransa, kwa kuwa mkato umeshachukuliwa na desimali, zinatenga kolona kwa nukta-mkato. Faili la upande mmoja likifunguliwa upande mwingine, mstari wote unarundikana kwenye kolona moja. Hiyo inaonekana haraka. Ile mbaya ni uzito wa 3,2 kupasuka katikati: 3 inabaki kwenye kolona ya uzito, 2 inaingia kwenye ya joto, joto linasukumwa kwenye umri, na mstari mzima unatembea hatua moja pembeni.

Excel ina tabia nyingine ya kujua zaidi ya mwenye kazi. Kitu kinachofanana na tarehe inakigeuza tarehe. Mwaka 2020, kamati ya kimataifa inayotoa majina ya jeni za binadamu ilitangaza kanuni mpya, na jeni kama SEPT1 na MARCH1 zikapewa majina mengine, kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza tarehe za mwezi wa tisa na wa tatu kwenye kazi za wanasayansi. Yaani sayansi ilikubali kumpisha Excel. Mfanyakazi wa zone asijilaumu sana.

Kiswahili kimoja, namba mbili

Jambo ambalo wasemaji wa Kiswahili wachache wanalijua ni hili: kwa kompyuta, Kiswahili cha Kongo na cha Tanzania haviandiki namba sawa. Shirika la Unicode, ambalo linatunza herufi za lugha zote za dunia, lina hazina inayoitwa CLDR. Humo kila lugha na kila nchi zimeandikiwa kanuni za tarehe, pesa na namba. Telefone na kompyuta nyingi zinachota kanuni zao humo. Kiswahili cha kawaida, kile cha Tanzania na Kenya, kimewekewa nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu. Kiswahili cha Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kinachotambulika kwa alama sw-CD, kimewekewa kinyume: mkato kwa desimali, nukta kwa maelfu. Sawa kabisa na katoni ya sokoni.

Ni heshima kwa Kongo kwamba mtu alifikiria kuitofautisha. Ila matokeo yake ni kwamba programu ya afya iliyotafsiriwa Kiswahili Dar es Salaam na kuletwa Kisangani inaweza kusomeka vizuri kila neno, na bado ikaonyesha elfu mbili na mia tano kama 2,500. Mhudumu wa Yangambi ataona mbili na nusu. Tafsiri haina kosa hata moja, na habari iliyofika ni ya uongo.

Kifaransa nacho kina mtego wake, na huu haonekani kwa macho. Kanuni za Kifaransa zinatenga maelfu kwa nafasi tupu: 2 500. Nafasi hiyo siyo ile ya kawaida ya kidole gumba. Ni nafasi nyembamba isiyokatika, yenye namba yake ya siri kwenye kompyuta, na katika CLDR ndiyo inayotumika kwa Kifaransa tangu 2018. Ukinakili 2 500 kutoka ripoti moja na kuibandika kwenye programu nyingine, inaweza kukataliwa, ukaiangalia mara kumi usione ubaya. Dawa ni kufuta na kuandika upya namba bila nafasi yoyote.

Nani mwenye haki kati ya mkato na nukta? Hakuna. Wabelgiji walileta mkato. Waingereza walipeleka nukta Uganda, Kenya na Tanganyika. Vitabu vya takwimu za mvua na mazao ambavyo taasisi ya INEAC, iliyoundwa 1933 na kuweka makao ya utafiti wake hapa Yangambi, ilichapa kwa Kifaransa vilifuata desturi hiyo, na mrithi wake INERA anaendelea. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Uzani, ule unaosimamia mita na kilo kwa dunia nzima, uliamua 2003 kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta au mkato, vyote viwili. Ukaongeza, kama ulivyosema tangu 1948, kwamba maelfu yasitengwe kwa nukta wala kwa mkato. Kama ni lazima, iwekwe nafasi tu. Sehemu hii ya pili ingefuatwa na kila mtu, nusu ya fujo ingekwisha.

Kuvuka mpaka

Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilitangazwa Agosti 2018 na kumalizika Juni 2020. Katikati, Juni 2019, ugonjwa ulivuka na kuonekana Kasese, Uganda. Wagonjwa wote kwa jumla walikuwa 3 470, waliokufa 2 287. Kwenye maandishi ya Kiingereza namba ya kwanza inaandikwa 3,470. Mtu wa Beni au Kisangani akiisoma kwa desturi yake, ni tatu na kitu. Binadamu anarekebisha kichwani, sababu hakuna robo ya mgonjwa. Kompyuta mbili zinazopeana habari usiku, bila mtu, hazina kichwa hicho.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na majirani wengi wa humo wanatumia nukta. Magonjwa yanavuka mpaka bila pasipoti, kwa hiyo habari za maabara na za wagonjwa lazima nazo zivuke. Ndiyo maana wanaotengeneza programu walikubaliana lugha ya katikati ambayo siyo ya Kifaransa wala ya Kiingereza, hata kama inafanana na Kiingereza. Kanuni za HL7, zinazotumiwa na hospitali na maabara za nchi nyingi, zinasema namba ina tarakimu, nukta kwa desimali, na hakuna alama yoyote ya maelfu. FHIR, ambayo ni kanuni mpya ya familia hiyo hiyo, inafuata vile vile, na inakataza kuchezea sifuri za mwisho: 0.010 na 0.01 siyo sawa, kwa kuwa ile ya kwanza inasema kipimo kilichukuliwa kwa umakini zaidi. Na kipimo, yaani gramu au miligramu, kinasafiri kwenye nafasi yake pembeni ya namba.

Maana yake ni nini kwa mkunga wa Yangambi? Kwamba hatakiwi kubadilisha mkono wake. Wengine wanapendekeza wauguzi wote wafundishwe kuandika nukta. Hilo ni wazo baya. Mtu aliyeandika mkato tangu darasa la nne akiambiwa aandike nukta, ataandika nukta Jumatatu na mkato Jumanne, halafu rejista itakuwa na desturi mbili badala ya moja. Rejista ibaki kwa desturi ya nchi; programu ndiyo igeuze, mara moja, mlangoni, na ionyeshe upya namba kwa desturi ya msomaji anapoisoma. Kazi ya kugeuza ni ya aliyetengeneza programu.

Mahali pengine njia rahisi ni kukimbia desimali kabisa. Utepe wa kupimia mkono wa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni mfano mzuri: mpaka wa utapiamlo mkali ni milimita 115. Ukiandika 11,5 kwa sentimita, mkato umerudi na hatari yake. Ukiandika 115 hakuna cha kupotea. Uzito wa mtoto mchanga kwa gramu, 2500, bila nukta, bila mkato, bila nafasi, unapita kwenye kompyuta yoyote ya dunia.

Pale ambapo desimali haikwepeki, kama joto la friji ya chanjo ambalo linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 2 na 8, programu inaweza kuwekewa mipaka. DHIS2 inaruhusu kuandika namba ndogo na kubwa inayokubalika kwa kila swali. Nyuzi 45 zikiingia badala ya 4,5, inapiga kelele wakati mwenye kanevasi bado yuko karibu. Kosa likigunduliwa Kinshasa miezi mitatu baadaye, karatasi imeshalowa au IT amehamishwa.

Telefone za kukusanyia habari nazo zina ukaidi wao. Kwenye fomu inayofunguliwa ndani ya kivinjari, kisanduku kile kile kinaweza kukubali mkato kwenye telefone moja na kuukataa kwenye nyingine, kufuatana na lugha iliyochaguliwa. Kabla timu haijatoka kwenda vijijini, inafaa kila mtu aandike 12,5 kwenye telefone yake, atume, halafu msimamizi aangalie nini kimefika. Ni dakika tano. Tarehe zipimwe hapo hapo: 03/04 ni Aprili kwa Mkongomani na Machi kwa Mmarekani.

Inabaki kalamu. Mkato ni alama ndogo, na kwenye nakala ya kaboni au karatasi iliyopata unyevu wa mtumbwi unaweza kufifia hadi usionekane. Hapo hakuna programu itakayosaidia. Fomu zilizochapwa na visanduku, tarakimu moja kila kisanduku na mkato umeshachapwa katikati, zinapunguza shida hiyo. Pasipo fomu hizo, wakunga wenye uzoefu wana njia ya zamani: wanaandika kipimo kati ya namba mbili, 2 kg 100, na mtu yeyote anayesoma, wa Kisangani au wa Kampala, hakosei.